ALIYEFUKUZWA NA JUA NAYE AANDIKWE



Kuna neno linalotembea njiani kote, kutoka Sultan Hamud hadi Mtito Andei, katika landi, katika magengi, hata katika foleni ya mshahara. Neno lenyewe ni hili: "Vibarua wa Kitui wanatuharibia mishahara. Chama kiwafukuze." Nimelisikia kwa vijana walioajiriwa juzi, nimelisikia na kwa wazee wanaongoja kustaafu. Tena nimelisikia kwa watu ambao najua kabisa kwamba baba zao walitoka Kitui hiyo hiyo. Basi naomba nafasi katika gazeti letu nilijibu, maana tukiliacha neno hili likaota mizizi, litatuvunja sisi kabla halijamvunja kibarua hata mmoja.

Mimi ni mtu wa reli. Masomo yangu yalikoma katika shule ya msingi ya misheni, na maneno ya kitaalamu sina. Lakini kuhesabu nilifundishwa vizuri, na habari hii yote ni ya hesabu: nani anahesabiwa, nani hahesabiwi, na nani anapata faida kwa yule asiyehesabiwa.

Tuanze na huyu kibarua. Ametoka wapi? Ametoka Mutha, Ikutha, Kanziku, Endau, hata Nguni na Ngomeni huko juu. Siku hizi barabara ya lami inateremka kutoka Kitui, inapita Mutomo na Ikutha, inavuka mto Athi, inafika Kibwezi. Mwaka wa mvua barabara hiyo hupitisha ndengu, mbuzi na maembe. Mwaka wa jua hupitisha watu. Wanashuka Kibwezi na mfuko mmoja, wengine wanasogea mpaka Emali au Mtito Andei, wanauliza penye kazi. Hawaulizi mshahara ni kiasi gani. Wanauliza kama kuna chakula cha mchana.

Mtu huyo ni nani? Mwenye kazi anamwita kibarua. Sisi tunamwita mharibifu wa mishahara. Chifu wa kwao anasema amekwenda kutafuta maisha. Hakuna hata mmoja kati yetu anayemwita kwa jina lake la haki, nalo ni mkimbizi ndani ya nchi yake mwenyewe.

Najua mtacheka. Mtasema mkimbizi ni yule aliyechomewa nyumba. La, ndugu zangu. Mwaka 1998 Umoja wa Mataifa ulipokea kanuni juu ya watu waliohamishwa ndani ya nchi zao, kanuni zilizotayarishwa chini ya Mwafrika mwenzetu, Francis Deng wa Sudan. Kanuni hizo zasema kwamba aliyelazimika kuacha nyumba yake kwa sababu ya maafa ya asili, asivuke mpaka wa nchi, ni mkimbizi wa ndani sawasawa na aliyekimbia vita. Mwaka 2009 wakuu wa Afrika walikutana Kampala wakaandika mkataba wa bara letu, wakasema vivyo hivyo, na wakataja hata mabadiliko ya hali ya hewa. Kisha mwaka 2012 Bunge letu hapa Kenya lilitunga Sheria namba 56, ya kuzuia watu wasihamishwe, na kuwalinda na kuwasaidia waliokwisha kuhamishwa. Sheria hiyo imetaja maafa ya asili. Haikusema maafa ya maji tu. Haikusema jua lisamehewe.

Mbona basi aliyefukuzwa na maji ana jina, na aliyefukuzwa na jua hana?

Sababu ni kwamba gharika hufukuza watu kwa usiku mmoja. Mwaka 2024, kutoka Machi mpaka Mei, mvua iliharibu nchi nzima. Watu zaidi ya 250,000 walihama, karibu 300 walikufa, na pale Mai Mahiu tarehe 29 Aprili maji yaliwachukua watu wamelala. Kesho yake hesabu ikaanza. Yakawako makambi, mahema, waandishi wa magazeti, na wakubwa waliovaa mabuti ya mpira wakapigwa picha. Sisemi vibaya. Wale watu walistahili kila hema walilopewa, na kama kuna kosa ni kwamba msaada haukutosha. Lakini jua halina usiku mmoja. Jua humhamisha mtu kipande kipande, na kila kipande huonekana kama jambo dogo la nyumbani kwake.

Mnajua wenyewe linavyokwenda. Kwetu mvua ya kutegemewa ni ile ya Oktoba mpaka Desemba. Ile ya Machi ni ya bahati. Novemba mvua inakosa, mtu anauza mbuzi wawili anunue mahindi. Machi inakosa tena, anauza maksai wa kulimia, na hapo bei ya ng'ombe imekwisha kuanguka, maana kila mtu anauza na kila ng'ombe amekonda. Akisha kuuza maksai ameuza na shamba, kwa sababu hata mvua ikija plau itavutwa na nani? Halafu anaanza kukata miti achome makaa. Mwaka 2018 serikali ya kaunti ya Kitui ilikataza biashara ya makaa, na mimi sisemi ilikosea, nchi ilikuwa inabaki upara. Nasema tu kwamba mlango mmoja ulifungwa na mwingine haukufunguliwa. Halafu kijana mkubwa anakuja huku kwetu. Halafu baba anamfuata. Mama anabaki, anaamka saa tisa za usiku kwenda kuchimba maji katika mchanga wa mto. Halafu mtoto wa kike anatolewa shule, anapelekwa Machakos kwa shangazi, anafua nguo za watu. Mwishowe siku moja mama naye anafunga mlango kwa waya, anampa jirani mbwa, anaondoka.

Sasa niambieni, nyumba hiyo ilihama siku gani? Siku ya mbuzi? Siku ya maksai? Siku ya waya? Karani wa maafa hana mstari wa kuandika jambo hilo katika karatasi yake. Iko ofisi Geneva inayohesabu wakimbizi wa ndani wa dunia nzima. Iliandika kwamba katika mwaka 2024 maafa yaliwahamisha watu mara milioni 45.8. Ofisi hiyo yenyewe husema kwamba wanaohamishwa na ukame ni wagumu kuhesabika. Ikiwa Geneva wanalia, chifu mwenye pikipiki moja ataweza? Nasema ataweza. Anawajua watu wake nyumba kwa nyumba, na waya mlangoni anauona akipita. Bali sijaona aliyemwagiza auandike.

Kutoka mwisho wa 2020 mpaka mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilikosa mfululizo. Tarehe 8 Septemba 2021 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba ukame ni janga la taifa. Mwisho wa 2022 waliohitaji chakula katika kaunti kavu za Kenya walifika milioni 4.35, na Kitui ilikuwa mojawapo ya kaunti hizo. Basi wenye njaa walihesabiwa. Hata ng'ombe na ngamia waliokufa walihesabiwa. Waliofunga mlango kwa waya, mimi hesabu yao sijaiona imebandikwa penye baraza lolote.

Tena tazameni jinsi mtu huyu anavyopotea katika madaftari. Mwolyo hugawiwa kwa orodha ya kijiji. Ukiondoka unafutwa, maana hupo. Ukifika Kibwezi huandikwi, maana wewe si mtu wa Kibwezi. Mkandarasi hakuandiki, maana akikuandika sheria itamshika. Na chama chetu hakikuandiki, maana twasema kibarua si mwanachama. Madaftari manne, na mtu mzima hayumo hata katika moja.

Sisi watu wa reli tungekuwa wa mwisho kuvumilia jambo la namna hii. Kazi yetu yote ni kuhesabu. Kalvati likichukuliwa na maji usiku, kabla hakujapambazuka limekwisha kuandikwa: ni kilomita gani, limeharibika kiasi gani, gari lipite kwa mwendo gani, gengi gani liende. Taruma moja likioza au likipasuka, liko katika taarifa ya njia. Taruma la Kibwezi lina karani. Mtu wa Mutha hana.

Nimesema nitataja anayefaidika. Mwaka 2022 nilifanya kazi karibu na watu wa mkandarasi mmoja, jina lake halina kazi hapa, aliyepewa kumwaga kokoto na kuzibua mitaro. Nyapara wake alikuwa Mkamba kama mimi, mtu mzima, mwenye wajukuu. Asubuhi alisimama mbele ya watu kama sitini waliotaka nafasi kumi na tano, akauliza kama dalali wa mnada: nani atafanya kwa mia tano? Mikono yote juu. Nani kwa mia nne? Mikono yote. Alishuka hivyo hivyo mpaka mia mbili na hamsini, ndipo mikono ikaanza kupungua, na hata hapo ilizidi kumi na tano. Wiki ya pili kijana mmoja wa Kanziku aliangukiwa na reli mguuni. Alipouliza habari ya fidia alijibiwa kwamba jina lake halimo katika karatasi yoyote, kwa hiyo hakuna aliyeumia. Tulichanga nauli sisi wenyewe, akarudi kwao amelala juu ya magunia ndani ya lori. Nilimwendea nyapara nikamwambia, "Mzee, huoni aibu?" Akanijibu, "Aibu ni ya mvua."

Ndugu zangu, mvua haikukaa mezani kupanga mia mbili na hamsini. Mkandarasi ndiye aliyekaa. Mwenye kazi wa namna hiyo anaijua kalenda ya mvua kuliko idara ya hali ya hewa. Novemba ikiwa kavu, anajua Februari atapata watu kwa nusu ya bei, na anapanga zabuni yake kwa hesabu hiyo. Sisi tukiona mshahara umeshuka tunamtazama aliyeinua mkono. Hatumtazami aliyeita bei.

Mwenzangu mmoja wa gengi aliniambia, "Lakini zamani hapakuwa na mambo haya, watu walikaa kwao." Zamani gani? Reli hii ilipopita Ukambani mwaka 1898 na 1899, nchi ilikuwa ndani ya ile njaa ambayo wazee waliiita Ngomanisye. Vibarua walioletwa kutoka India kuijenga walizidi 30,000 kwa jumla, na chakula chao kililetwa kwa meli. Watu wetu waliokuwa wakifa kwa njaa walijikokota mpaka kambi za reli, kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na mchele. Basi Mkamba wa kwanza kuja relini kwa sababu ya jua alikuja kabla reli haijafika Nairobi. Mwaka 1961 jua lilifuatwa na mafuriko, barabara zikakatika, chakula kikaletwa kwa ndege, na mpaka leo wazee huita njaa ile Yua ya Ndeke. Babu yangu alikuja kutafuta kazi ya gengi mwaka huo. Mwaka 1984 ikaja Nikw'a Ngwete, maana yake nakufa nimeshika, yaani pesa ziko mkononi na mahindi ya kununua hakuna. Ukizunguka landi zetu ukamwuliza kila mzee alikuja lini, atakutajia jina la njaa kabla ya mwaka. Wakamba wa Mariakani na wa Shimba Hills, wengi wao nao ni watu wa njaa hizo.

Na Makueni yenyewe tunayojivunia kuwa wenyeji wake? Kabla ya Vita Kuu ya Pili sehemu kubwa pale palikuwa pori la mbung'o. Baada ya vita serikali ya kikoloni ilikata pori hilo ikaleta watu kutoka vilima vya Machakos ambako udongo ulikuwa umekwisha kwa mmomonyoko. Wenyeji wa Makueni wanaowaita watu wa Kitui wageni, baba zao walihamishwa na nchi iliyochoka. Tofauti ni moja tu: wao waliandikwa. Walipewa namba ya shamba.

Mwaka 1938 kulikuwa na jambo jingine ambalo nataka vijana wa chama wajifunze. Serikali ya wakati ule ilichukua ng'ombe wa Wakamba kwa nguvu, ikisema wamezidi na nchi inaharibika. Watu hawakwenda Nairobi mmoja mmoja kuomba vibarua. Maelfu walikwenda pamoja, wanaume na wanawake na watoto, wakakaa kule wakidai ng'ombe wao, na Muindi Mbingu akawa msemaji wao. Alikamatwa akapelekwa Lamu, lakini ng'ombe wakaacha kuchukuliwa kwa nguvu. Mtu aliyetoka na jirani zake wote huwa kesi. Mtu aliyetoka peke yake huwa kibarua.

Sasa nawajia wale wanaosema, "Ndugu, jua ni kazi ya Mungu, Serikali itafanya nini?" Mvua ni ya Mungu, nakubali, nilisomeshwa na misheni. Lakini tangi si la Mungu. Bwawa la Thwake, pale mto Thwake unapokutana na Athi mpakani mwa Makueni na Kitui, lilianza kujengwa mwaka 2018 likatarajiwa kuisha mwaka 2022. Mwaka 2022 ulikuja na njaa yake ukapita, na bwawa halikuwa limekwisha. Mamlaka ya Taifa ya ukame iliundwa mwaka 2011, nayo hutoa taarifa ya kila kaunti kila mwezi: malisho yako vipi, maji yako umbali gani, mbuzi ana bei gani. Ukame basi hauji kama mwizi. Hutanguliwa na karatasi. Mwenye kusoma taarifa kwamba bei ya mbuzi imeanguka Mutomo anajua kwamba baada ya miezi michache watu watashuka Kibwezi, na bado hakuna meza iliyowekwa Kibwezi kuwapokea. Tena msidhani watu wa Kitui walikaa chini wakilia. Kwa mwethya wao, wengi wao akina mama, wamejenga mamia ya mabwawa ya mchanga katika mito yao, wakibeba mawe mgongoni. Hao si watu wavivu waliokimbia shamba. Walishika shamba mpaka mikono ikaachia.

Wengine wataniuliza habari ya wachungaji wa ngamia wanaoingia Kitui kutoka Tana River na Garissa wakati wa jua, mashamba yakaliwa, watu wakapigana, na vijiji vya upande wa Mutha na Ngomeni vikahama kwa hofu. Ni kweli, na damu imemwagika. Wenye makosa ya damu washikwe. Lakini mchungaji yule naye amefukuzwa na jua lile lile; malisho yake yalikwisha kabla ya yetu. Wawili waliofukuzwa na adui mmoja wanapigana juu ya kisima kimoja, na hapa relini sisi twataka kufanya vile vile juu ya sepeto moja.

Mtu akumbuke pia ya mwaka 2008. Baada ya ghasia za uchaguzi watu zaidi ya laki sita walihama. Walitangazwa, wakaandikwa, wengi wakapewa shilingi 10,000 za kuanzia, na waliochomewa nyumba wakaahidiwa 25,000 za kujengea. Hazikutosha, na wako waliokosa, lakini lilikuwepo daftari ambalo mtu angeweza kusimama mbele yake akasema, mbona jina langu halimo? Mtu wa jua hana hata daftari la kulalamikia.

Haya, tuache huruma. Najua wako wasemao kwamba huruma hailipi ada ya nyumba. Nitasema juu ya faida yetu wenyewe, sisi tulio na kazi ya kudumu.

Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 54, yasema mwenye kazi atalazimika kukitambua chama kikiwa kina zaidi ya nusu ya wafanya kazi wanaoweza kuwa wanachama. Zaidi ya nusu! Kila kazi inayotolewa kwetu ikapewa vibarua wasioandikwa, nusu yetu inapungua. Tukiwakataa vibarua tunaikata nusu hiyo kwa panga letu wenyewe, halafu siku ya mapatano ya mishahara tutaambiwa, "Ninyi ni wachache, mwamsemea nani?" Na Sheria ya Kazi ya mwaka huo huo wa 2007, kifungu cha 37, yasema kibarua akifanya kazi siku mfululizo zinazofika mwezi, au akifanya kazi ambayo haiwezi kuisha kabla ya miezi mitatu, ahesabiwe kuwa mtu wa mshahara wa mwezi. Kazi ya kokoto njia nzima huisha kwa miezi mitatu? Mkandarasi anajua kifungu hicho vizuri kuliko sisi, ndiyo sababu hafungui daftari. Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 41, yampa kila mfanya kazi haki ya ujira wa haki na haki ya kuingia chama. Haikusema mfanya kazi wa kudumu. Haikusema aliyezaliwa karibu na stesheni. Ibara ya 43 yampa kila mtu haki ya kutokaa na njaa na ya kupata maji safi, na hiyo ndiyo haki iliyomkosa huko kwao kabla hajaja kukosa ya 41 huku kwetu.

Kwa hiyo mimi sitaki chama kimwambie mwenye kazi asiwaandike watu wa Kitui. Nataka chama kimwambie awaandike wote, kwa jina, kwa bei ile ile, siku ya kwanza. Hapo mnada wa nyapara utakufa, maana mnada hauwezekani penye daftari. Tuwapokee vibarua katika chama kwa ada ndogo wanayoiweza, kwa siku walizofanya kazi. Wako watakaosema hii italeta gharama kwa karani wa tawi. Italeta, naye aongezewe mtu.

Tena chama kiende kwa kamishna wa kaunti, Kitui na Makueni zote mbili, kidai Sheria namba 56 ifanye kazi kwa watu wa jua. Mtu akifunga nyumba kwa sababu ya ukame, chifu wake aandike ameondoka kwa sababu gani na kuelekea wapi. Akifika Kibwezi, Makindu au Emali, awepo mtu wa kumpokea jina, ili chakula cha msaada kimfuate alipo wakati akitafuta kazi. Mtu aliyekula ataweza kukataa mia mbili na hamsini. Hiyo peke yake ingeinua mishahara ya njia hii kuliko barua kumi za katibu. Na mvua ikinyesha, mtu apewe mbegu na nauli arudi, maana wengi wao hawataki kukaa hapa. Waulizeni. Wanatazama mawingu ya upande wa kwao kila jioni.

Wako viongozi watakaosema tungoje mkutano mkuu. Kuandika majina hakungoji mkutano. Kila gengi kutoka Kima mpaka Mtito Andei litafute daftari la shule, liandike vibarua walio karibu nalo: jina, kijiji alikotoka, mwezi aliofunga nyumba, analipwa kiasi gani kwa siku, na kama ameumia kazini. Asiyejua kusoma asaidiwe, na asiyetaka jina lake liandikwe kwa kuogopa nyapara asilazimishwe, iandikwe kijiji chake tu. Kurasa zipelekwe kwa katibu wa tawi; yeye atatoa nakala, moja ya kamishna, moja ya ofisi ya kazi, na moja ibaki kwetu. Mimi nimekwisha kuanza. Ninao kumi na tisa, watano kati yao ni wanawake wanaopika katika kambi ya kokoto, na mmoja ameandikisha pamoja na jina lake majina ya watoto watatu aliowaacha Ikutha kwa bibi yao.